Chupa ya Euro Nane

Bajeti yangu ya mvinyo ni euro 8 kwa chupa, chupa mbili kwa mwezi. Ndicho kinachobaki baada ya kodi ya chumba, umeme, chakula, na fedha ninazotuma nyumbani kwa mdogo wangu aliye kidato cha tano. Ninaishi Montpellier, kusini mwa Ufaransa, ninakosomea mambo ya umwagiliaji. Watu wa hapa hupenda kualikana chakula cha jioni, na mtu haendi mikono mitupu. Kwetu Dodoma ningebeba sukari au kuku. Hapa unabeba chupa.

Euro 8 ni fedha ndogo mbele ya rafu ya mvinyo ya Kifaransa. Ukiingia supermaketi ya kawaida unakuta ukuta mzima wa chupa: lebo zenye michoro ya majumba ya kifahari, medali za dhahabu zilizobandikwa shingoni, majina marefu ambayo hata Wafaransa wenyewe huyasoma kwa kukunja uso. Wanafunzi wenzangu wengi hutatua tatizo hilo kwa njia mbili. Wapo wanaochukua chupa ya bei ya chini kabisa, na wapo wanaochukua yenye jumba zuri kuliko yote. Mimi sikuweza kufuata njia yoyote kati ya hizo kwa amani, kwa sababu mama yangu ni mkulima wa zabibu.

Wengi hapa hudhani natania. Zabibu Tanzania? Naam. Zililetwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki wa Kiitaliano katikati ya karne iliyopita, na zikalipenda jua letu kiasi kwamba huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mama ana ekari moja na nusu, nyingi ikiwa ni Makutupora, zabibu nyeusi iliyopewa jina la sehemu ya mkoa wetu. Mama ni Mwanglikana wa kizazi kile ambacho pombe hairuhusiwi kuvuka kizingiti. Hajawahi kuonja mvinyo. Kwake zabibu ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni dawa.

Zabibu haina subira. Mahindi yanaweza kukaa ghalani yakingoja bei, lakini zabibu ikishaiva ina siku chache tu, na kila mnunuzi anazijua siku hizo. Nilipokuwa kidato cha pili, mnunuzi mmoja alituahidi siku, akaja baada ya siku tisa. Alikuta vichala vimeanza kunywea, akatoa bei ambayo haikutosha hata kuwalipa vibarua waliovuna. Mama aliuza. Angefanya nini? Mimi ndiye niliyeshika daftari la kilo siku ile, na tangu hapo siwezi kuona bei ya mvinyo bila kuirudisha kichwani hadi kwenye kichala.

Basi tuirudishe. Chupa moja ya sentilita 75 inahitaji kilo moja na ushei ya zabibu. Ufaransa hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 kwenye mvinyo, kwa hiyo chupa ya euro 3 ina senti 50 za serikali, zinabaki euro 2.50. Ndani ya hizo kuna kioo, kizibo, lebo, sanduku, lori, na faida ya duka. Kilichobaki ndicho mvinyo wenyewe, pamoja na mtu aliyeukata mzabibu matawi wakati wa baridi. Sasa chukua chupa ya euro 6. Serikali inachukua euro 1, zinabaki 5. Kioo hakikuwa ghali mara mbili, lori halikuchoma mafuta mara mbili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile euro 3 ulizoongeza inaweza kwenda pale unapotaka iende, yaani ndani ya glasi na mfukoni mwa mkulima. Kati ya euro 6 na 10, kila senti unayoongeza inafanya kazi. Juu ya hapo, taratibu, unaanza kulipia kitu kingine.

Kitu hicho ni jina.

Mama anapenda sana methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alikuwa akitusomea tukikataa kwenda sokoni na beseni kichwani. Nikiwa hapa nimeipima methali hiyo kwa rafu za Kifaransa, na naona chema kisicho na jina hakijiuzi hata kidogo. Mwaka 1855, Napoleon III alipoandaa maonyesho makubwa ya kimataifa jijini Paris, madalali wa Bordeaux walitakiwa kupanga mvinyo wao bora kwa madaraja. Walitumia kigezo walichokijua kuliko vyote, yaani bei. Shamba lililozoea kuuza ghali likawekwa juu, na kwa sababu liliwekwa juu likaendelea kuuza ghali. Orodha ile ya madaraja matano ya mvinyo mwekundu ingali inatumika. Badiliko kubwa linalokumbukwa ni la 1973, Château Mouton Rothschild ilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Sisemi mvinyo ule si mzuri. Nasema kwamba mtu mwenye euro 8 hana sababu ya kuchangia gharama za sifa za karne ya kumi na tisa.

Afanye nini basi? Avuke mto.

Namaanisha mto kweli. Châteauneuf-du-Pape na Lirac zinatazamana, moja kila upande wa Rhône. Zabibu zao kwa sehemu kubwa ni zilezile, grenache ikitangulia. Pande zote mbili kuna mashamba yaliyotandikwa mawe ya mviringo yanayotunza joto la mchana hadi usiku. Ila upande wa mashariki, katika karne ya 14, papa aliyeishi Avignon alijijengea ngome, na jina la papa likabaki kwenye chupa. Upande wa magharibi papa hakujenga. Lirac mara nyingi huuzwa nusu ya bei ya jirani yake au chini ya hapo.

Hata nusu hiyo bado inazidi mfuko wangu, lakini kanuni inafanya kazi kwenye kila ngazi. Badala ya Saint-Émilion, tazama Castillon iliyopakana nayo, au Blaye na Bourg. Badala ya majina makubwa ya Rhône, tafuta lebo inayosema Côtes du Rhône Villages. Ukipenda mvinyo mzito wenye ukakasi, ule unaokamata ulimi kama ganda la ndizi mbichi, Cahors hutengenezwa kwa zabibu ya malbec, ambayo ulimwengu unaijua zaidi kwa kupitia Argentina, na kwa hiyo nyumbani kwake bado haijapanda bei sana. Ukitaka mwepesi, wenye uchachu mzuri, nenda Loire ukatafute Bourgueil au Chinon.

Na kuna Beaujolais, ambayo ninaipenda kwa sababu imetukanwa muda mrefu. Zabibu yake ni gamay. Mwaka 1395, Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, aliamuru gamay ing'olewe katika himaya yake, akiuita mmea mbaya na usio mwaminifu. Kisha, katika karne ya ishirini, sifa yake ikamezwa na ule mvinyo mchanga unaouzwa kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, unaonywewa kwa shangwe na kusahauliwa kwa haraka. Lakini kaskazini mwa eneo hilo kuna maeneo kumi yenye haki ya kuweka majina yao kwenye lebo. Morgon na Fleurie zimeshaanza kupanda bei. Régnié na Chénas hutajwa kwa nadra, na humo mtu mwenye subira hupata chupa inayokaribia bajeti yangu. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kunywa. Inakwenda na kuku, inakwenda na maharage ya nazi. Chupa inayokwenda na mlenda bado naitafuta.

Lakini mimi naishi Languedoc, na hapa ndipo euro 8 inapokuwa fedha ya heshima. Kwa zaidi ya karne moja eneo hili lilijulikana kwa mvinyo mwingi wa bei ya kutupa, uliosafirishwa kwa treni kwenda kuwanywesha wafanyakazi wa kaskazini. Jina baya likashika. Leo Corbières, Minervois, Faugères na Saint-Chinian zinatoa mvinyo ambao ungekuwa na jina la Bordeaux ungekuwa na bei nyingine. Nilipowauliza watu kwa nini sifa mbaya imedumu hivyo, walinitajia mwaka mmoja: 1907.

Mwaka huo bei ya mvinyo ilikuwa imeanguka kabisa. Uzalishaji ulikuwa umezidi, na sokoni kulikuwa na mvinyo wa kughushi uliotengenezwa kwa sukari na maji. Wakulima wa Languedoc walikuwa wanavuna hasara. Wakaanza kuandamana kila Jumapili, mji baada ya mji, wakiongozwa na Marcellin Albert, mtu wa kijijini aliyekuwa na kibanda cha vinywaji. Tarehe 9 Juni walijaa hapa Montpellier, zaidi ya watu laki tano kwa makadirio ya wakati ule. Siku chache baadaye wanajeshi waliwafyatulia watu risasi mjini Narbonne na kuua. Kikosi cha 17 cha askari wa miguu, vijana wengi wakiwa wazaliwa wa eneo hilihili, kiliasi na kwenda Béziers badala ya kukubali kutumwa dhidi ya wazazi wao. Kabla mwezi haujaisha, bunge lilipitisha sheria dhidi ya mvinyo wa kughushi. Ulinzi wa majina ya maeneo, ule unaosimamiwa tangu 1935 na taasisi ya serikali, ulikua katika udongo uliolimwa na ghadhabu ile.

Niliposoma habari hizo maktaba nilisimama nikatoka nje. Askari wanaokataa kuwapiga baba zao ni jambo kubwa, lakini mimi nilikuwa nafikiria kile kilichowatoa watu majumbani: mkulima amevuna, amebeba, amefika, na bei haipo. Siku ile ya daftari la kilo mama hakuandamana. Alikaa chini ya mbuyu akafungua kitenge, akakifunga tena.

Kuna jibu jingine ambalo Languedoc ililipata mapema zaidi. Mwaka 1901, katika kijiji cha Maraussan karibu na Béziers, wakulima wadogo waliungana kuuza mvinyo wao pamoja. Mwanasiasa wa kisoshalisti Jean Jaurès alikwenda kuwaona mwaka 1905. Kilikuwa miongoni mwa vyama vya kwanza vya ushirika wa mvinyo nchini, na baadaye karibu kila kijiji cha eneo hili kikajenga kiwanda chake cha ushirika. Vingi vingali vinafanya kazi, na kwa mnunuzi mwenye mfuko mwembamba ni mlango mzuri. Unaweza kwenda na dumu lako. Pampu yenye mkono kama wa kituo cha mafuta inakujazia mvinyo mwekundu wa mwaka huo, lita moja kwa chini ya euro 3, na hapo hesabu yangu ya chupa inabadilika, kwa sababu hujalipia kioo, kizibo wala lebo.

Mara ya kwanza nilikwenda na dumu la lita 5. Katika foleni alikuwepo mzee mmoja, mwanachama, mikono imepasuka kama ya mama. Nilimuuliza kama wanalipwa kwa kilo.

"Kwa kilo, na kwa kiwango cha sukari," alisema. "Lakini kwa awamu, mwaka mzima. Mwaka mbaya tunaumia wote."

"Na mnunuzi akichelewa?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa Kifaransa changu. "Mnunuzi gani? Kiwanda ni chetu."

Kwa kualikwa, hata hivyo, dumu halibebeki. Kwa chupa niliyonunua kama zawadi nimejifunza kusoma lebo kwa mpangilio huu. Kwanza natafuta aliyeujaza. Maneno "mis en bouteille" yakifuatiwa na "au domaine", "au château" au "à la propriété", mvinyo umejazwa na waliouzalisha, na ushirika nao unaweza kuyatumia. Yakifuatiwa tu na jina la kampuni na namba ya posta ya mji wa mbali, basi mfanyabiashara amenunua na kujaza. Si dhambi, lakini mkulima yuko mbali zaidi na pesa yangu. Pili, nayapuuza maneno ya kujisifu. "Grand vin de Bordeaux" si daraja. "Vieilles vignes", yaani mizabibu mizee, haina umri uliowekwa na sheria. Medali ni nyingi mno kunisaidia, maana mashindano nayo ni mengi. Chupa nzito ni kioo kingi tu. Tatu, nasubiri Septemba, maduka makubwa yanapofanya maonyesho yao ya mvinyo na bei kushuka, ila naenda na orodha mkononi, kwa kuwa punguzo nalo hutumika kuondoa kilichokwama.

Na nne, nasema bei yangu. Hili lilinichukua muda kulizoea. Mimi nimelelewa soko la Majengo, ambako ukionyesha fedha uliyonayo umeshashindwa. Karibu na chumba changu kuna duka dogo la mvinyo, mwenyewe mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Siku moja niliingia nikamwambia moja kwa moja: nina euro 8, tunakula nyama ya kuchoma na maharage, tupo sita. Hakukunja uso. Alipita chupa za mbele zote, akainama, akatoa Saint-Chinian kwenye rafu ya chini.

"Carignan," alisema. "Mizabibu ina miaka zaidi ya sitini. Watu waliing'oa kila mahali. Huyu babu yake alikataa."

Nikamwambia mama yangu analima zabibu. Akauliza wapi, kisha akauliza aina gani. Nilipotaja Makutupora aliniomba nirudie polepole, akachukua kalamu akaandika nyuma ya risiti. Katika miaka miwili ya Ufaransa nimeulizwa mengi kuhusu kwetu: simba, mlima, Zanzibar. Aina ya zabibu nilikuwa sijaulizwa.

Carignan ilikuwa kweli imeng'olewa. Kwa miongo kadhaa fedha za umma, za Ufaransa na za Umoja wa Ulaya, zimelipwa kwa wakulima ili wapunguze mizabibu, na carignan ilikuwa ya kwanza kushukiwa kwa kuwa ilijulikana kama zabibu ya wingi. Mizabibu michache iliyosalia imezeeka. Inazaa kidogo, na hicho kidogo kina nguvu. Leo watengenezaji vijana wanaitafuta, na chupa zake ni miongoni mwa zile zinazonipa zaidi ya nilicholipa. Tulipoinywa jioni ile, rafiki yangu mmoja alisema ina harufu ya vichaka baada ya mvua. Mwenzake alikuwa ameleta Bordeaux yenye jumba. Tulikunywa zote mbili, tukaosha vyombo, hakuna aliyeshindwa.

Mama alinipigia wiki iliyofuata. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nakula, kisha akaja kwenye neno lake. Jirani yetu amebadili shamba lote kuwa alizeti. Alizeti inasubiri. Unaikausha, unaiweka kwenye magunia, mnunuzi akichelewa unalala usingizi.

"Nataka kung'oa, mwanangu. Wewe unaona wanavyofanya wenzetu. Huko kilo ni shilingi ngapi?"

Nilianza kumweleza juu ya ushirika, awamu, kiwango cha sukari. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mchungaji kijana. Kisha akaniuliza kama ushirika huo una matanki yake wenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa sisi tuna ndoo." Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa amefika mahali ambapo mimi ndipo nilipokuwa nahangaika kufika. Wakulima wa hapa waliweza kumkatalia mnunuzi pale tu walipopata mahali pa kuweka zabibu zao wenyewe.

Hakung'oa yote. Mdogo wangu alinitumia picha: ekari moja imelimwa upya, tayari kwa alizeti, na nusu ekari upande wa mbuyu ingali na mizabibu, mistari ileile ambayo baba aliipanda kabla hajafariki. Mama amesema hiyo ataiacha aone. Nami nimeanza kuandikiana na wenzangu wawili wa chuo kuhusu gharama ya tanki dogo la kuchachushia, la wakulima kumi kwa pamoja. Bei yake naijua sasa. Ni chupa nyingi sana za euro 8.